Simu Yetu Ililia Nyumba Nyingine

Nikiwa darasa la tano kulikuwa na majuma kadhaa ambapo simu ya nyumbani kwetu Mwembesongo, chini ya milima ya Uluguru, ilikuwa inapiga lakini haipigiwi. Ukiinua mkono wake unasikia ule mlio mrefu, mtulivu, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Ukizungusha namba ya shangazi wa Dar es Salaam, shangazi anapokea. Lakini ukirudisha mkono mahali pake, simu inakaa kimya asubuhi, inakaa kimya mchana, na jioni, watu wakirudi kutoka makazini na redio zikifunguliwa mtaa mzima, bado iko kimya.

Ilikaa sebuleni juu ya stuli yake, rangi ya maziwa, ikifunikwa na kitambaa alichofuma mama kwa uzi wa kijani. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa tena. Mtu aliweza kuchagua sabuni, na mama aliichagua kwa raha zake, akinusa moja baada ya nyingine mpaka mwenye duka akohoe. Mitumba ilikuwa imefika, redio mpya zilikuwa zinaanza kusikika, na mafundi wa simu walikuwa wanavuta nyaya mtaa kwa mtaa, wakiwaunganishia watu waliokuwa wameomba tangu enzi za foleni. Sisi tulikuwa nayo kabla ya wengi kwa sababu baba alikuwa mtunza stoo wa kiwanda, na kiwanda kilipenda kumpata hata siku za sikukuu.

Ukimya ule ulimuumiza dada kuliko mtu mwingine. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, na huko chuoni alikuwa amempata kijana wa Songea, mwalimu kama yeye, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega. Kijana alikuwa amekwenda kwao kuwaambia wazee. Makubaliano yalikuwa hivi: wazee wakishakubali watatoka kijijini kwao mpaka mjini, kwenye simu, watupigie na kusema siku watakayoleta barua ya posa. Kijijini kwao hakukuwa na simu ya kupigiwa. Kwa hiyo dada hakuwa na la kufanya ila kungoja, na alingoja akiwa amekaa mkao wa mtu anayetaka kusimama. Alichambua mchele sebuleni. Alisuka nywele zangu sebuleni, akizifumua na kuzisuka upya, mpaka kichwa changu kikawa kinauma kwa ajili ya mapenzi ya watu wengine.

Na jambo halikuwa la dada peke yake. Mama ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Barua ya posa haipokewi na baba. Inapokewa na mjomba, na mjomba wetu aliishi juu ya Mlali, huko ambako barabara inakwisha na njia ya miguu inaanza kupanda kati ya matuta ya kabichi. Wageni wakija bila mjomba kuwepo watarudi na barua yao mkononi, na familia iliyorudishwa hivyo haiji mara ya pili kwa urahisi.

"Tukiijua siku, namshusha kaka yangu," mama alisema. "Tusipoijua, nani atapokea? Huyu?"

Huyu alikuwa baba, mtu wa kanda ya ziwa, ambaye alikuwa amekubali zamani sana kwamba katika nyumba yake yeye ni mgeni wa heshima.

"Mimi nilizaa tu," baba alijibu, akifunua gazeti. "Niulizeni habari za stoo."

Tulianza kuitibu simu kila mtu kwa imani yake. Mama aliondoa kitambaa, akisema labda kinaizuia kupumua. Baba aliifungua kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akaigonga kengele ndogo ya ndani kwa kucha, nayo ikatoa sauti safi kabisa. "Kengele nzima," akatangaza, na kuifunga, na kubaki na skrubu moja mkononi ambayo hakujua ilikotoka. Dada aliihamisha stuli karibu na dirisha linalotazama milima, kwa sababu ambayo hakuieleza. Mimi niliagizwa nisiikaribie, agizo nililolivunja kila walipoondoka, nikiinua mkono na kusema "haloo" kwa sauti za watu mbalimbali.

Mwisho baba alimleta fundi wa simu. Huyu ndiye aliyekuja pia mwanzoni, baada ya mvua kubwa iliyoteremka kutoka Uluguru na radi ikapiga nguzo ya mtaani kwetu. Alikuwa mchangamfu, mwenye mkanda uliojaa koleo. Aliinua mkono wa simu, akasikia mlio, akatupigia mfano kwa kuwaita wenzake ofisini. Walipokea.

"Simu nzima hii, mama," alisema.

"Haipigiwi."

"Labda hampendwi."

Baba alicheka. Dada aliingia chumbani na mlango ukafungwa kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, na fundi, aliyekuwa mtu mwema, akashusha sauti na kuahidi kuangalia nyaya huko nje akipata nafasi. Hakupata nafasi. Watu wa simu mpya walikuwa wengi.

Shangazi wa Dar ndiye aliyetutoa gizani, naye bila kujua. Mama alimpigia siku ya Jumatano kumjulia hali, na mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia kila kitu, maana shangazi hakuwahi kuamini kwamba simu inafikisha sauti bila kusaidiwa.

"Wifi, si tuliongea juzi," shangazi alisema.

"Juzi lini?"

"Jumapili. Nikakwambia mafua, ukanipa pole, ukaniuliza watoto, ukaniuliza mpaka kuku. Ulikuwa mpole, wifi. Nikamwambia shemeji yako hapa, kumbe mtu anaweza kubadilika."

Mama aliuweka mkono wa simu chini polepole. Hakuwa ameongea na shangazi Jumapili. Kilichomkera, nadhani, hakikuwa muujiza wenyewe bali ule upole.

Kesho yake, Alhamisi, alinichukua tukaenda kiwandani kwa baba. Dada aliachwa nyumbani ameambiwa akae kando ya simu. Baba alikuwa na simu nyeusi katika kona ya stoo, kati ya magunia na mizani. Alizungusha namba yetu. Tulisikia ikiita. Ikaita tena. Kisha ikapokewa.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke, laini kama uji uliokaa. Haikuwa ya dada.

Baba alishtuka lakini malezi yakamshika. "Hamjambo hapo?"

"Hatujambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mnaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Kazi zinakwendaje?"

"Kazi nzuri. Watoto?"

"Wazima wote. Na huko mvua?"

"Mvua ipo ya kutosha," alisema baba, na nikamwona macho yamemtoka. Alikuwa amefika mbali katika mazungumzo na mtu asiyemjua, na hakuona mahali pa kugeukia.

Hapo nilielewa, kwa akili ya mtoto, yaliyokuwa yametokea majuma yote yale. Kwetu mtu hapigi simu na kujitaja. Anasalimia. Anauliza mama, anauliza watoto, anauliza mvua, na kila nyumba ina mama, ina watoto, na mvua inanyesha kwa wote. Kumuuliza mtu anayekusalimia kwa heshima "wewe nani?" ni kumwambia kwamba umemsahau. Hakuna mwanamke aliyelelewa vizuri ambaye angefanya hivyo. Kwa hiyo sauti ile laini ilikuwa imewapokea ndugu zetu wote, imewapa pole na hongera, na wote wakakata simu wameridhika.

Mama alimnyang'anya baba mkono wa simu.

"Hapo ni wapi?" aliuliza.

"Hapa? Nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

"Nyumbani kwetu ni kwangu," mama alisema, "na mimi niko hapa."

Kisha mwanamke yule akasema, bila hasira hata kidogo, "Basi, mama, tumechanganyikana."

Ukitoka mlangoni, mama alimuuliza, unaona nini? Akasema anaona mashine ya kusaga. Ya nani? Ya yule mzee anayesaga akiwa amefunga kilemba cha taulo. Mama alimtazama baba. Mashine ile tuliisikia kutoka jikoni kwetu kila asubuhi, ilikuwa mtaa wa pili tu nyuma ya nyumba yetu. "Usiondoke," mama alisema kwenye simu. "Nakuja."

Tulikwenda kwa mwendo ambao mama aliutumia kwa misiba na minada. Mkabala na mashine ya kusaga kulikuwa na nyumba ndogo iliyokuwa inapakwa chokaa. Wasichana wawili wakubwa walikuwa juu ya ndoo zilizopinduliwa, brashi mkononi, nyuso zimetapakaa matone meupe na hazina furaha yoyote. Mwanamke alitoka akifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mnene kiasi, mweusi, mwenye macho ya kucheka, na kwa jinsi alivyoburuta salamu mama alimjua mara moja kuwa ni Mnyamwezi.

"Ndiyo maana," mama alisema, na hasira yote ikamtoka kama maji kwenye beseni lililotoboka. "Nilijua tu. Mwizi wa simu yangu hawezi kuwa mwingine ila mtani wangu."

"Mluguru," mwanamke yule alisema, akimtazama toka juu mpaka chini. "Mmeteremka kutoka milimani lini, na nani kawaonyesha simu?"

Watani wakikutana hivyo hakuna ugomvi unaoweza kuota tena. Tulikaribishwa ndani, tukapewa karanga. Simu yao ilikuwa mezani, mpya kabisa, bado imevikwa mfuko wake wa plastiki. Iliunganishwa juma lile la radi, fundi yule yule, nguzo ile ile. Yeye, alisema, alikuwa hajampa mtu yeyote namba, maana alitaka kwanza kumwandikia mwanawe wa Mwanza barua ya kumshtua. Lakini simu ilipofungwa tu, watu wakaanza kupiga. Wakipiga asubuhi, wakipiga jioni, wema, wachangamfu, wakimuuliza hali.

"Nikadhani ndivyo simu ilivyo," alisema. "Ukishalipia, watu wanakupigia. Nikamwambia jirani, kumbe hela yetu haiendi bure."

Mama alicheka mpaka karanga zikamwangukia mapajani. Kisha, kwa kupitisha muda tu, akauliza chokaa ni ya nini.

Uso wa mwenyeji ukang'aa. "Neema imetushukia, mtani. Jumamosi hii tunapokea wageni wa posa. Walipiga simu juma lililopita, mzee mmoja mwenye adabu sana. Akasema wamekubaliana, wanakuja kumwona mama wa binti. Nikamwambia karibuni, nyumba iko mkabala na mashine ya kusaga. Ila hawa," akaelekeza kidole dirishani, kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa, "kila mmoja anaapa kwamba si wake. Nimewauliza kwa upole, nimewauliza kwa ukali. Wanalia tu."

"Wanatoka wapi hao wageni?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekonda.

"Songea."

Mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma huko nje. Mwanamke yule alimtazama mama. Alikuwa na akili ya haraka kuliko upole wake ulivyoonyesha, na niliona jambo likimfika usoni polepole, likapita machoni kwanza, kisha mdomoni. Kuna kitu kilimzimika hapo, kidogo, kwa muda wa pumzi moja. Alikuwa ameshampenda mkwe wake.

"Una binti mkubwa," alisema.

"Ninaye."

"Na anangoja."

"Ana majuma anangoja."

Aliinuka, akaenda dirishani. "Shukeni," akawaambia wasichana. "Hamuolewi." Na hao wakashuka kutoka kwenye ndoo zao wakikumbatiana na kuruka, wakipakana chokaa, mmoja akaingia ndani mbio na kumbusu mama yangu mkono bila kumjua. Mama yao akawatazama hivyo, akajitahidi kukasirika, akashindwa, akaanza kucheka kwa tumbo zima.

Mama ndiye aliyewaza lililofuata. "Shirika lilikupa namba gani?" aliuliza. Mtani aliikariri. Haikufanana na yetu hata tarakimu za mwisho. "Basi hiyo ndiyo inayolia kwetu," mama alisema. "Wametubadilishia namba. Sisi tumekaa chini ya namba isiyojulikana na mtu." Akauinua mkono wa simu kupitia plastiki, akaizungusha namba ile, akanivuta nisikie.

Upande wa pili iliita. Dada alisimulia baadaye kwamba kengele ilipolia alikuwa ameinamia mchele, na ungo ukamruka, na punje zilikutwa nyuma ya kabati mpaka Krismasi. Sisi tulisikia tu mkono ukinyanyuliwa na pumzi ya mtu aliyekimbia hatua chache kama vile amekimbia kutoka Dodoma.

"Haloo?"

"Ni mimi," mama alisema. "Wamepiga. Ni Jumamosi hii. Wanakuja."

Kilichokuja kwenye simu kilikuwa sauti nyembamba, inayopanda, ambayo mwanzoni nilidhani ni hitilafu nyingine ya nyaya. Alikuwa analia, au anacheka, na mama alishika simu akisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuruhusu simu kutumika kwa lisilo neno.

Tulibaki na Ijumaa moja ya kumshusha mjomba. Alfajiri mama alinichukua tukaenda sokoni, mahali wanaposhukia kina mama wanaoleta mboga kutoka milimani, vikapu vya karoti na kabichi vikiwa bado vina umande. Mama aliwaambia wawili wanaorudi kwa njia ya Mlali, akarudia maneno mara mbili: kesho, saa nne, barua ya posa, na asije na yale makoti ya kulimia. Mmoja wao akasema atalifikisha neno kanisani, na kutoka kanisani litapanda lenyewe. Nilitazama milima. Wingu lilikuwa limekaa juu yake kama kofia iliyovutwa machoni, na nilijaribu kufikiria neno letu likipanda humo ndani, kutoka mdomo hadi mdomo, likipita vijito na migomba.

Baba alitaka kumwita fundi siku hiyo hiyo. Mama alikataa katakata. "Watu wa Songea wanaijua nyumba ile na namba ile. Usiguse chochote mpaka watakapokuwa wamekaa kwenye viti vyangu."

Jumamosi mjomba alifika mapema kuliko wote, amevaa koti la suti juu ya viatu vyenye udongo mwekundu, na kabichi begani kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Alisalimiwa, akanywa chai, akauliza mashine iliyosababisha yote ni ipi. Akaizunguka simu, akainama, akasema, "Mbona ndogo," na kukaa.

Ilipokaribia saa nne tulivisikia vigelegele. Vilitoka nyuma, upande wa mashine ya kusaga, vikakatiza uchochoro, vikakaribia, na watu wakatoka majumbani kutazama. Mtani wetu alikuwa mbele, amejifunga khanga mpya, binti zake wawili nyuma yake wamebeba mkeka, na kati yao wazee watatu wa Songea waliovaa makoti, wenye sura za watu walioelezwa jambo mara mbili na bado hawajalielewa. Walikuwa wamefika kwake, kama alivyowaelekeza. Alikuwa amewapa maji, kisha akawaleta mwenyewe.

Mlangoni petu aligeuka, akanyoosha mikono, akaziba njia.

"Hawapiti," alimwambia mjomba. "Wageni hawa ni wangu. Mimi ndiye niliyewaambia karibuni. Wewe ulikuwa unapalilia kabichi."

"Mnyamwezi," mjomba alisema bila kuinuka, "umetembea kwa miguu tangu Tabora kuja kuziba mlango wangu?"

"Nataka jogoo."

"Utapewa kabichi."

"Jogoo, Mluguru, na kiti cha mbele."

Walibishana hivyo kwa raha, mtaa mzima ukichangia, mpaka mshenga, yule mzee mwenye adabu wa kwenye simu, akaomba radhi na kusema kwamba kwa upande wao wangefurahi mama huyu akae, maana sauti yake ndiyo iliyowapa moyo wa kusafiri mbali hivyo. Jogoo akaletwa. Mtani akapewa kiti karibu na mama, na barua ikatoka mfukoni mwa mshenga ikapitishwa kwa mikono miwili mpaka kwa mjomba.

Mjomba hakuifungua. Alisimama, akaingia chumbani ambako dada alikuwa amekaa kitandani na mimi pembeni yake, nimeshika khanga yake. Alifunga mlango nyuma yake. Bila watu alikuwa mtu mpole zaidi.

"Mwanangu," alisema, akionyesha barua, "wapo watu huko nje wametoka mbali. Unawafahamu?"

Dada alikuwa amelijua jibu tangu chuoni, na nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi kila siku kando ya ile stuli. Lakini lilimkwama. Alinitazama mimi, akautazama mlango.

"Nawafahamu, mjomba."

"Sikusikia," mjomba alisema, na aliposema hivyo alikuwa anatabasamu.

"Nawafahamu," dada alisema, kwa sauti ambayo ilipita mlangoni, ikafika sebuleni, na kabla mjomba hajagusa kitasa, yule mama wa mtaa wa pili alikuwa tayari ameanza vigelegele.